Kindi Muuza Karanga na Goti la Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa gani? Mmekula au mna njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa nasikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na gulio lao kando ya mto. Kanga aliuza uji. Ngedere alinyoa nywele. Kindi alikaanga karanga. Karanga zake, jamani! Ukipita na haraka zako, pua inakurudisha.

Gulio lile lilikuwa na sheria moja. Mteja akiumia kibandani kwako, utamlisha mpaka apone. Akiwa Panya, una bahati. Akiwa Tembo? Pole yako!

Basi wenye vibanda wakajenga ghala la pamoja. Kila mavuno, kila mmoja alipeleka kikapu cha ulezi. Mteja akiumia kwa mmoja wao, ghala ndilo linalomlisha. Mtunza ghala alikuwa Mzee Kobe, na maneno yake yalikuwa machache: "Kikapu chako kimo, umo. Hakimo, humo."

Kindi akapeleka chake. Akakaa. Mwezi ukapita, mwingine ukapita. Hakuna aliyejikwaa, hakuna aliyeungua. Kindi moyo ukaanza kumwasha.

"Shoga," akamwambia Kanga, "ulezi wangu unakaa bure kule. Naenda kuuchukua nikawapikie wanangu."

"Na mteja akiumia?"

"Aumie kwa nini? Kufuli ninalo. Uzio ninao. Nyuki nimewaweka, wananilindia."

"Hivyo vinakulinda wewe na karanga zako," Kanga akasema. "Anayeingia kwako analindwa na nini?"

Kindi akacheka, kwi kwi kwi! Sikio la kufa halisikii dawa. Akaenda kwa Mzee Kobe, akadai kikapu chake. Mzee hakubishana. Akampa.

Kindi akajitwika kikapu, huyoo, anarudi anaimba. Kukaribia kibanda, akasikia ardhi: tim! tim! tim!

Nani? Babu Kiboko mwenyewe! Katoka mtoni, tumbo mbele, pua juu.

"Hodi, mjukuu wangu! Harufu imenifuata hadi majini. Niko hoi, ngoja nikae kwenye benchi lako."

Kindi akatazama benchi. Akamtazama Kiboko. Akatazama nguzo nyembamba za kibanda. Na kikapu kiko wapi? Kichwani, si ghalani! Kumlisha Kiboko mpaka apone! Kibanda kitakwenda, karanga zitakwenda, watoto watalala njaa. Jamani, Kindi aliogopa.

"Usikae, babu!"

"Nisikae? Kulikoni?"

"Leo... leo karanga zinaliwa kwa kucheza!"

Akamwita Kanga kibandani pake, akamtwika kikapu. "Shoga yangu, kimbia ghalani!" Kanga akatoka mbio, vumbi likatimka. Kindi akashika mwiko, akapiga sufuria, ko ko ko! Itikieni nami:

*Simama babu, simama,*
*karanga tamu ya wima!*
*Simama babu, simama,*
*anayekaa atanyimwa!*

Ee, Kiboko akapenda! Akatikisa kiuno, tim-tim, tim! Gulio zima likaja kushangilia. Ngedere akamwacha mteja wake kichwa nusu. Lakini mzee ni mzee. "Mjukuu wangu, miguu!" Kindi akazidi kuimba, machozi yanamlengalenga.

Na kule ghalani? Kobe mnamjua. Akafungua kikapu polepole. Akachungulia. Akanusa.

"Mzee wangu, fanya hima!" Kanga akalia.

"Haraka haraka haina baraka," Kobe akasema. Kisha shwaaa! Akamimina. "Kimo. Basi yumo."

"YUMOOO!" Kanga akapiga kelele, mpaka ng'ambo ya mto wakasikia.

Kindi akadondosha mwiko. Akalipangusa benchi, akalikaza miguu, akasema, "Kaa, babu yangu. Taratibu lakini!"

Kiboko akakaa. Benchi likalia, ngiii... Likashikilia! Wanyama wakapiga makofi. Kiboko akafurahi, akacheka, akaegemea nguzo. Kacha! Puu! Paa zima likamshukia, nguzo ikamgonga goti.

"Goti langu, mama wee!"

Nani aliyezikumbuka nguzo, wakati wote wanatazama benchi?

Basi ghala likafunguliwa. Uji wa ulezi karai asubuhi, karai jioni. Kiboko akalishwa mpaka goti likapona, na Kindi hakulazimika kuuza hata kijiko chake. Tena waliokuja kumjulia hali mgonjwa hawakuondoka bila kununua karanga. Kindi akajenga kibanda kipya, nguzo nene, moyo mweupe.

Mavuno yaliyofuata, Ngedere alikuwa ghalani akinung'unika. "Mwaka mzima sijamkata mtu sikio. Ulezi wangu umelala bure."

Kindi akatua kikapu chake, akacheka mpaka mkia ukatetemeka.

"Uache ulale, ndugu yangu! Ulezi ukilala ghalani, nawe unalala nyumbani."

Mafundisho ni haya, wakubwa na wadogo. Ukifungua biashara, usilinde mali yako tu. Mfikirie na anayeweza kuumia kwako. Changa na wenzako kabla ya ajali, maana ikishatokea umechelewa. Na mwaka ukipita hujaumiza mtu, usidai ulichochanga. Shukuru.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa ghala. Mwenye karanga anigawie, asiye nazo akalale salama!