Shemeji, Simama Usitikisike

Ndugu zangu, wekeni Biblia zenu magotini kidogo, nina jambo la kuwasimulia. Ni nani hapa ambaye hajawahi kupiga picha gizani ikatoka ukungu mtupu? Kama yupo, anyooshe mkono. Basi, nyote mtanielewa.

Alikuwepo mpiga picha mmoja, mtu wa kanisani kama ninyi, mwenye kamera nzuri na jina baya. Jina hilo alilipatia kwenye igizo la Ijumaa Kuu. Kwaya yao ilikuwa na desturi ya kuigiza mateso ya Bwana kila mwaka, alasiri, ndani ya ukumbi wa kanisa, na kwa kuwa giza la siku ile ya msalaba lilishuka mchana, nao walitaka giza la mchana. Vijana walitundika mablanketi madirishani, taa zikazimwa zote, jukwaani ikabaki moja tu, nayo imefunikwa kitambaa chekundu. Sasa mpige mtu picha humo kama wewe ni fundi.

Mwaka wa kwanza alitumia flashi. Yule aliyeigiza Bwana Yesu akapigwa na ule mwanga machoni, akajikwaa na msalaba wake, na ukumbi mzima ukacheka mahali ulipopaswa kulia. Mwalimu wa kwaya akapiga flashi marufuku. Mwaka wa pili akapiga bila flashi, na picha zote zikaharibika, kwa sababu gizani kamera hukawia kufumba jicho lake, na mtu akisogea hata kidogo anatoka kama moshi. Nanyi mnazijua kwaya zetu. Nani kati yetu anaimba amesimama wima kama nguzo ya umeme? Picha zilipoonyeshwa, watu walishika mbavu. Walimuuliza kama yule pembeni ni Petro au ni jogoo wake. Wakampachika jina la Baba Mizimu, na hata watoto wa shule ya Jumapili wakalijua.

Aliumia. Alikuwa akicheka nao, lakini aliumia. Basi mwaka wa tatu ikatangazwa kwamba kalenda ya dayosisi itachapishwa ikiwa na picha moja kutoka kila usharika, na yeye akaapa moyoni kwamba safari hii ataipata picha moja safi, hata iweje. Naomba mlishike neno hilo, hata iweje.

Aliyeigiza Mariamu, mama yake Bwana, alikuwa shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa. Kaka mtu alifanya kazi mgodini, mbali sana, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mara ya mwisho alipoondoka alimshika mdogo wake mkono pale kituoni na kumwambia, "Wewe ndiye macho yangu hapa." Hakuongeza kitu. Mdogo mtu akaitikia, akambebea begi.

Siku ya igizo, kabla watu hawajaingia, alimfuata shemeji yake nyuma ya jukwaa. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa cheupe kichwani, anajikanda mkono wa kulia.

"Shemeji," akamwambia, "ukifika chini ya msalaba, ukimaliza ubeti wa pili, simama usitikisike. Mimi nitakaa mstari wa tatu, kando. Nihesabie mpaka kumi tu, nikupate."

"Nitasimama, shemeji yangu. Ila leo kichwa kinanipasua. Na mkono huu una ganzi tangu asubuhi, kama si wangu."

"Ni mfungo huo. Ukimaliza utakunywa chai."

Shemeji akatabasamu kidogo, akasema, "Haya." Ninyi mngemjibu nini? Msijibu haraka. Mtu akikwambia mkono wake si wake, nawe una haraka zako, jibu huwa liko karibu sana mdomoni.

Akaenda kukaa mstari wa tatu, kando. Aliichukua lenzi yake ndefu, ile ya kuwavuta watu walio mbali, akaiegemeza kwenye mgongo wa kiti cha mbele ili mikono isitetemeke. Pembeni yake alikaa bibi mmoja mwenye shali, ambaye hakuwa akiona jukwaani vizuri. Bibi huyo akawa anaangalia kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera, maana humo kila kitu kilionekana karibu.

Igizo likaenda. Yuda akabusu, askari wakapiga mijeledi ya katani, watu wakaanza kufuta machozi. Jamaa yetu alipiga picha, akaangalia, akafuta. Moshi. Akapiga tena. Moshi. Kijasho kikamtoka. Alijiona tayari mbele ya ile meza ya kahawa baada ya ibada, na wale wacheshi waliompachika jina wamekaa wanamsubiri.

Ndipo Mariamu akaja chini ya msalaba. Akaimba ubeti wa kwanza akiyumba, mikono juu, kama alivyozoea. Akaimba wa pili. Na alipoumaliza, akasimama.

Akasimama kweli, jamani. Mkono wa kushoto umeushika mti wa msalaba, wa kulia umening'inia, uso umegeuka kutoka kwa yule aliyetundikwa na kuelekea gizani, kule mstari wa tatu kando. Hakutikisika hata ukope. Mpiga picha akazuia pumzi, akabonyeza. Akaangalia kwenye kioo. Kila uzi wa kitambaa ulionekana, na macho yalikuwa yanang'aa kama yametiwa mafuta. Machozi yakamtoka kwa furaha, na akamshukuru Mungu. Ndiyo. Alimshukuru Mungu, kwa sauti ya chini, kwa jina la Yesu.

Akahesabu mpaka kumi. Shemeji hakusogea. Akafika ishirini. Akasema moyoni, huyu mwanamke ananipenda, ananipa na nyongeza. Akaendelea kubonyeza.

Ubeti wa tatu ukaanza, naye Mariamu hakuuimba. Kwaya ilikuwa nyuma yake, ikiona mgongo tu, ikadhani ameshikwa na machozi, ikambebea wimbo. Watu ukumbini waliona kivuli chekundu cha mama anayemlilia mwanawe. Katika watu mia tatu, mtu aliyekuwa akiuona uso ule alikuwa mmoja. Na yule bibi wa pembeni yake.

Bibi akamgusa bega. "Baba, hebu nionyeshe tena hiyo. Mbona mdomo wa huyu mama umekwenda upande?"

"Anaigiza, bibi. Analia."

"Nimezika mume mwenye mdomo huo."

Naye akafanya nini? Akakifunika kile kioo kwa kiganja. Akamnong'oneza kwamba mwanga wake unasumbua watu. Kisha akarudisha jicho kwenye kamera, maana shemeji alikuwa bado amesimama, na nafasi kama ile hutokea mara moja.

Alipiga picha arobaini na moja. Baada ya ile ya arobaini na moja mkono wa kushoto uliuachia msalaba, na mama yule akaanguka kifudifudi. Ukumbi ukapiga makofi.

Walimfikisha hospitali kwa gari la mwalimu wa kwaya, bado kavaa kitambaa cha Mariamu. Daktari akauliza ilianza saa ngapi. Watu wakajibu kwa pamoja kwamba ameanguka saa tisa na nusu. Daktari akasema hakuuliza ameanguka lini, ameuliza ilianza lini, kwa sababu mgonjwa wa kiharusi hana adui kama dakika. Wakatazamana. Mpiga picha alikuwa amesimama mlangoni, kamera shingoni. Mnajua kwamba kila picha huandikiwa saa yake ndani? Hata dakika, hata sekunde. Jibu la daktari lilikuwa linaning'inia kifuani pake kwa mkanda. Akaangalia sakafu.

Shemeji alifariki Jumamosi jioni. Siku ya Pasaka, wengine walipokuwa wakiimba amefufuka, familia ile ilikuwa inatafuta mbao za jeneza.

Kabla kaka yake hajafika, mpiga picha alijifungia chumbani akafuta zile picha. Moja baada ya nyingine, akianzia ya mwisho, mdomo ukirudi nyuma kutoka upande mpaka ukanyooka. Akafika ile ya kwanza kabisa, ambayo mdomo ulikuwa bado sawa. Hiyo, kidole kilikataa kuifuta. Ilikuwa nzuri mno. Alikuwa ameitafuta miaka mitatu.

Kaka akafika Jumatatu na vumbi la mgodi kwenye viatu. Akaomba picha ya kuweka juu ya jeneza. Wakapekua albamu, wakapekua simu za watu, na mama yule, kwa kuwa kila siku alikuwa mtu wa kupika na kubeba na kukimbia, hakuwa na picha hata moja iliyoonyesha uso wake vizuri. Ila hiyo. Basi wakaikuza, wakaitia fremu. Waombolezaji walipita mbele yake wakisema amependeza, ametulia kama malaika. Wale wacheshi wa meza ya kahawa walimpa mpiga picha mkono, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena Baba Mizimu.

Baada ya watu kupita, kaka alibaki amesimama mbele ya fremu. Akamwita mdogo wake, akamshukuru.

"Umempata, mdogo wangu," akasema. "Umempata kweli. Ila nieleze kitu kimoja. Hapa alikuwa anamtazama nani?"

Ndugu zangu, mdogo mtu akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha fremu. Mmelala? Yule mama alipoona mwili unamwacha, na sauti haitoki, aligeuza uso kwa mtu pekee ambaye yeye mama alijua amekaa wapi gizani. Alimwita kwa macho. Naye yule mtu akamwona vizuri kuliko alivyowahi kuona mtu yeyote maishani mwake, akafurahi kwamba hatikisiki.

Sasa nazungumza nasi, mimi nikiwemo. Sisi tunapenda watu watulie. Katika usharika huu kulikuwa na mama aliyekuwa akibisha kila kikao cha wanawake. Mwaka huu habishi tena, anakaa nyuma, anafunga mkoba wake, anaondoka. Tunasema nini? Tunasema neema imemgusa. Kuna nyumba hapa jirani tulizoea kusikia kelele na vilio, sasa kimya, nasi tumesema wale wamepatana. Nani amekwenda kugonga? Kuna kijana aliyenisumbua kwa maswali kila Jumatano mpaka nikamkimbia. Ameacha kuuliza. Nami nilisimama hapa hapa madhabahuni nikamsifu kwamba amekua kiroho. Nilikuwa nimekifunika kioo kwa kiganja, jamani. Nilimshukuru Mungu.

Msiniambie hamkuona. Hiyo ni hoja ya wale mia tatu waliokaa gizani, na Mungu atajua la kuwafanyia. Mimi nasema na yule mwenye lenzi ndefu. Wewe uliye karibu. Wewe uliyeachiwa watu ukaambiwa uwe macho. Uliambiwa kichwa kinapasua, ukajibu chai. Ulishikwa bega na bibi, ukamwambia mwanga wake unasumbua. Kila kitu kimeandikwa na saa yake ndani, na yuko atakayetuuliza ilianza lini, wala hatapokea jibu la kwamba ameanguka saa tisa na nusu.

Sitawaombea leo. Mmezoea niwaombee, halafu mnakwenda kunywa chai. Tutanyamaza dakika moja, na katika dakika hiyo kila mmoja amtafute yule ambaye zamani alikuwa akisumbua na siku hizi hasumbui. Jina lake mnalijua, limeshawajia. Dakika ikiisha msingoje wimbo wa kutoka. Inukeni mwende kwake, mkamuulize, na mkae mpaka ajibu.