Vumbi Jekundu Ukutani

Wapo watu wanaodhani kwamba amani ni kunyamaza. Wakiona jambo linakwenda mrama, huinama wakajifanya wanafunga kamba za viatu, mradi tu wasigombane na mtu. Jambo likishaharibika kabisa, hao hao ndio wa kwanza kushika tama na kuuliza, "Jamani, hakukuwa na mtu wa kusema?" Wahenga hawakuwa na subira na watu wa namna hiyo. Walituachia methali inayotufunza kwamba ugomvi mdogo, hata wenye maumivu na fedheha, ni afadhali uupokee leo kuliko kungoja balaa lije zima zima. Anayebisha na amuulize Ndila.

Ndila, binti wa Katuku, alikuwa fundi wa viyoyozi mjini Voi. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, Munyoki, kaka yake Katuku. Munyoki hakuwa fundi wa kubahatisha. Kuanzia Maungu hadi Mwatate alikuwa amefunga mashine katika mahoteli, maduka na ofisi, na jina lake lilitajwa kwa heshima. Ndila alimpenda mjomba huyu kama baba, na kila alichojua kuhusu nyundo, bolti na mabomba ya shaba alikipata mkononi mwake.

Alhamisi moja ya mwezi wa Februari, wakati joto la Voi linapomfanya hata kuku atembee na mdomo wazi, wawili hao waliitwa katika zahanati mpya ya Sista Pauline. Huyu alikuwa muuguzi mstaafu kutoka Wusi, kule milimani ambako watu hulala na mablanketi mawili. Alikuwa amenunua jengo kuukuu kando ya njia ya kwenda Mbololo, akalipaka rangi nyeupe likapendeza, na tayari kina mama walikuwa wakija kliniki kila asubuhi. Uzinduzi rasmi ulikuwa Jumamosi, na padre alikuwa amekwisha kualikwa.

"Fundi," Sista Pauline alimwambia Munyoki, "mimi sikushuka kutoka milimani ili wanawake wazalie ndani ya tanuri. Jumamosi nataka chumba cha kujifungulia kiwe baridi."

"Wewe lala usingizi, Sista," alijibu Munyoki.

Mashine ya ndani haikuwa na taabu. Waliifunga kabla ya saa nne kwenye ukuta mpya wa mawe ambao Sista alikuwa ameujenga kugawanya vyumba. Ilibaki mashine ya nje, ile kubwa yenye feni, ambayo hukaa juu ya vyuma viwili vilivyofungwa ukutani kwa bolti. Munyoki alichagua ukuta wa ubavuni, ambako bomba lingekuwa fupi na kazi ingekwisha upesi. Chini ya mahali hapo palikuwa na benchi refu. Kina mama sita walikuwa wameketi hapo wakingoja zamu, wengine na matumbo, wengine na watoto kifuani, kwa sababu ndipo penye kivuli pekee katika ua mzima.

Munyoki aliwaomba wasogee kidogo tu, Ndila akapanda ngazi na drili. Tundu la kwanza lilimshtua. Ukuta wa mawe hupiga kelele unapotobolewa, na vumbi lake ni la kijivu. Huu ulinyamaza kimya. Drili ilizama kama kisu kwenye papai, na vumbi jekundu likamwagika hadi kwenye viatu vyake. Alizima drili, akateremka ngazi.

"Mjomba, huu ukuta si wa mawe. Ni matofali mabichi, udongo mtupu uliopigwa plasta."

"Umejuaje?"

"Vumbi ni jekundu."

Munyoki alicheka hadi akashika kiuno. "Vumbi jekundu! Uko Voi, mwanangu, na unashangaa vumbi jekundu? Hapa hata ndovu ni mwekundu!"

Kina mama wakaangua kicheko. Siku nyingine hata Ndila mwenyewe angecheka, maana ni kweli kwamba vumbi hilo huingia katika shuka, katika unga na katika masikio ya watu, na hakuna Mvoi anayelitazama mara mbili. Lakini hili halikutoka barabarani. Lilitoka ndani ya ukuta.

"Tujenge kitako cha zege kule nyuma, mashine ikae chini," alisema Ndila. "Tuongeze bomba, tungoje saruji ikauke siku chache."

"Siku chache?" Sista Pauline alimaka. "Padre anakuja keshokutwa! Na aliyeniuzia jengo hili aliniapia kwamba ni la mawe." Akaugonga ukuta kwa ngumi. "Sikiliza! Mbona ni mgumu?"

"Sista, hapo unagonga plasta."

Munyoki aliacha kucheka. Kukosolewa si kitu kitamu, na kukosolewa na mpwa wako mbele ya mteja na wanawake sita ni pilipili ya jicho. "Ndila, unanivunjia heshima. Mimi nilikuwa nafunga mashine hizi wewe ukiwa bado mgongoni mwa mama yako. Panda umalize."

"Sipandi, Mjomba."

"Basi leta hiyo drili. Leta! Uende nyumbani kwa mama yako umwambie umekuwa mkubwa. Na kuanzia leo utafute mtu mwingine wa kufanya naye kazi."

Maneno hayo yalimchoma Ndila. Machozi yalimlengalenga, akayameza. Alimkabidhi drili kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kumpa mkubwa kitu, kisha akageuka. Wote walidhani anaelekea langoni. Wapi! Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye benchi, akalishika upande mmoja.

"Kina mama, simameni. Benchi linahama."

"Linahama kwenda wapi?" aliuliza Elsie, mwanamke wa Mbololo aliyekuwa na mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba. "Dada, hata kivuli nacho ni chako?"

"Umegombana na mjomba wako, unatumalizia hasira sisi!" mwingine alidakia.

"Nitukaneni," alisema Ndila, "lakini nitukaneni mkiwa kule." Akaliinamia benchi, akalivuta mpaka likamlazimisha Elsie kusimama. Walisimama wakilalamika, wakajitanda leso vichwani, wakahamia juani.

Sista Pauline alitetemeka kwa ghadhabu. "Msichana, unanifukuzia wagonjwa! Nitamwita askari!"

"Mwite, Sista. Na akija umwambie asisimame karibu na ukuta."

Munyoki hakumwangalia. Alipanda ngazi mwenyewe, akatoboa matundu yaliyobaki, akakaza bolti na kuvifunga vyuma vyote viwili. Vilionekana vimenyooka na imara, na Sista akashusha pumzi. Munyoki akateremka, akaifunga kamba mashine ya nje ili ivutwe juu. Alipogeuka, alimkuta Ndila amesimama chini ya vyuma, mikono kifuani.

"Ondoka hapo."

"Siondoki. Mjomba, unaikumbuka kazi yangu ya kwanza? Ulipomaliza kufunga vyuma kwenye ile hoteli, ulifanya nini kabla ya kupandisha mashine?"

Munyoki alikaza fundo la kamba.

"Ulining'inia. Ulivishika vyuma kwa mikono miwili ukaiachia ngazi, ukaniambia, 'Fundi asiweke kitu juu ya vichwa vya watu kabla hajaning'inia yeye.' Ni wewe uliyesema, si mimi."

"Hayo ni mambo ya kale. Bolti za siku hizi ni imara."

"Bolti ni imara. Ukuta je? Ning'inia basi, nami nitakwenda nyumbani."

Munyoki alivitazama vyuma, akalitazama tumbo lake, akawatazama wanawake waliokuwa wakimtazama yeye. "Sina wakati wa michezo," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu kama awali.

"Basi nitaning'inia mimi. Nina kilo sitini na moja. Mashine hiyo ni nyepesi kuliko mimi, lakini itatetemeka mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Vyuma vikinibeba, nitapiga magoti mbele ya hawa wote nikuombe radhi, na sitashika drili tena maishani mwangu."

Alikuwa kwenye kidato cha tatu cha ngazi kabla mtu hajapata la kusema. Moyo ulimdunda, maana hakuwa mjinga. Aliogopa kuanguka kama ambavyo mimi na wewe tungeogopa. Alivishika vyuma, akaiachia ngazi, miguu ikabaki hewani. Akahesabu moja. Akahesabu mbili. Ukuta ukatulia, na Munyoki akaanza kutabasamu.

Ndila hakufika tatu. Plasta ilipasuka kwa mlio mkavu, bolti zikachomoka na mabonge ya udongo, na Ndila akaja chini na vyuma vyake. Aliangukia mkono wa kushoto. Kipande cha plasta, kipana kama mlango, kikashuka kando yake na kupondekapondeka pale pale benchi lilipokuwa.

Vumbi jekundu lilifunika ua. Lilipotulia, Elsie alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, akitazama mahali penye kifusi. "Yesu wangu," alisema polepole. "Nilikuwa nimekaa hapo."

Sista Pauline alikimbia akapiga magoti. Uuguzi haustaafu; alichana boksi la ile mashine ya nje, akauzungushia mkono uliovunjika karatasi yake ngumu, na Elsie akavua leso yake ili ufungwe shingoni. Munyoki naye aliokota bonge la udongo lililong'ang'ania bolti. Alilifinya kwa vidole viwili tu, likawa unga.

"Huo mkono ulipaswa kuwa wangu," alisema. Alikuwa akilia, na hakujificha.

Ndila alikuwa amekunja uso kwa maumivu, lakini ulimi wake haukuvunjika. "Mkono wangu utaunga, Mjomba. Kichwa cha mtoto kingeunga?"

Munyoki aliinuka, akaomba jembe, akazunguka nyuma ya jengo na kuanza kuchimba msingi wa kitako cha zege katika jua kali la saa saba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kina mama nao walilichukua benchi wenyewe wakalipeleka chini ya mti wa jirani.

Jumamosi padre alibariki zahanati huku akijipangusa jasho kwa leso ya mfukoni. Ule ukuta wa ubavuni ulikuwa umezungushiwa kamba, ukingoja kubomolewa na kujengwa kwa mawe. Sista Pauline alisimama mbele ya wageni akasema bila kupindapinda, "Mnasikia joto, nami naomba radhi. Kiyoyozi hakijawaka kwa sababu nilitishia kumwitia askari mtu aliyekuwa akituokoa."

Jumanne iliyofuata mashine ilifungwa kwenye zege. Ndila, mkono ukiwa kwenye plasta ya hospitali, alisimama akielekeza kwa mkono mzima. Munyoki alikaza bolti ya mwisho, kisha akafanya jambo lililowachekesha wote: alipanda juu ya kitako kando ya mashine, na tumbo lake hilo, akaruka mara tatu kwa uzito wake wote. Zege halikutikisika.

"Umeridhika, fundi?" aliuliza huku akihema. Hakuwahi kumwita jina hilo hata siku moja.

"Washa," alisema Ndila.

Feni ikazunguka, na muda si mrefu chumba cha kujifungulia kikawa baridi kama asubuhi ya Wusi. Wapo waliosema, na hadi leo wanasema, kwamba binti wa Katuku ana mdomo na hana adabu kwa wakubwa. Na waseme. Alitukanwa, akafukuzwa kazi, akavunjika mkono, yote kwa siku moja, na mkono huo akaubeba shingoni wiki sita. Lakini Elsie alijifungua salama mwezi uliofuata, na watoto waliokuwa kwenye benchi siku ile wanacheza katika ua ule ule, vichwa vyao vizima. Hakika, heri nusu shari kuliko shari kamili.