Vyungu Viwili vya Makaa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko, Ndovu na Kifaru walipakana katika nchi ya nyasi kavu. Kila mmoja alihifadhi chungu cha makaa yaliyotokana na radi, moto ambao hakuna aliyejua kuuwasha upya. Wote wawili walifahamu kwamba atakayemwaga makaa yake ataiunguza nchi ya mwenziwe, kisha na yake.

Kwa hofu hiyo hawakuthubutu vita vikubwa. Walipigana vidogo: leo huyu aukanyage ukanda wa mpakani, kesho yule amsukume, puu! kisha warudi kula. Katika ukanda huo, ndani ya kichuguu, aliishi Nguchiro na wanawe. Mmoja alikwisha kupondwa.

Alipokwenda kulalamika, Kifaru alimwambia, "Lile lilikuwa pigano dogo tu."

"Na mwanangu alikuwa mdogo, bwana mkubwa," akajibu Nguchiro, akaondoka.

Mchana mmoja, wakubwa wakiwa malishoni, akapenya jikoni kwa Ndovu, kisha kwa Kifaru, akatia maji katika kila chungu: chwaaa! Akafunika.

Kila mwenye chungu alipofunua alikuta jivu, akanyamaza, akidhani ni yeye peke yake aliyepungukiwa. Mapigano yakakoma. Wakaanza hata kuamkiana, na wana wa Nguchiro wakacheza juani.

Kisha mtoto wa Kifaru akashikwa na homa. Mama yake, kama ilivyo ada ya majirani, akachukua kigae akaenda kwa Bi Ndovu kuomba kaa la kuchemshia dawa.

Bi Ndovu akalia. "Shoga, ningekunyima moto na mtoto anaugua? Chungu chetu kimezimika zamani."

"Na chetu pia, dada."

Wakakumbatiana, kisha kila mmoja akaharakisha kumpa mumewe habari njema, kwamba hapana tena cha kuogopa.

Ndovu alisikiliza kwa utulivu. "Kumbe hana kitu," akasema, akainuka. Kifaru naye alikuwa amekwisha kuinuka.

Safari hii hakuna aliyerudi kula. Walipigana hata visima vikafukiwa na nyumba zote mbili zikalala chini. Nguchiro akawa akichimba vumbi pale kilipokuwa kichuguu, akiwaita wanawe mmoja mmoja kwa majina, na kilichomjibu ni vishindo.

Basi jueni, wajukuu zangu: amwondoleaye mwenye nguvu hofu asimwondolee uadui, amemfungulia mlango wa maangamizi.