Sikudhani na Askari wa Bure

Hadithi hii niliipata kwa mtu, naye aliipata kwa mtu. Isome mpaka mwisho kabla hujaamua kama inakuhusu.

Palikuwa na mfalme aliyependa sataranji kuliko chakula. Aliipenda hata akaitungia sheria: asiyeridhika na hukumu ya baraza aje acheze na mfalme. Akishinda, hukumu inafutwa. Akishindwa, adhabu inaongezwa mara mbili. Mfalme alichukua kete nyeupe siku zote, na siku zote alianza vilevile, kwa kumsogeza hatua mbili yule askari anayesimama mbele ya malkia. Kwa miaka thelathini hakuna aliyemshinda.

Katika nchi hiyo aliishi mkulima mmoja, mwanamke, jina lake Sikudhani. Mumewe, Mbaruku, mchonga ngoma, alikata mti ndani ya msitu wa mfalme akidhani bado yuko kwenye shamba lake. Baraza likamhukumu miaka saba kwenye mashimo ya chumvi. Waliorudi kutoka huko walirudi macho yameharibika, na wengi hawakurudi kabisa. Sikudhani alijua sataranji. Mbaruku ndiye aliyemfundisha, wakati wa masika, mvua ikiwafungia ndani. Akaomba mchezo, akapewa siku tatu.

Jambo moja alikuwa na uhakika nalo: mwenye kete nyeusi akijibu kwa woga, mfalme humbana taratibu mpaka akose pa kupumulia. Alihitaji jibu kali. Jibu lipi, hapo ndipo shida ilipoanza.

Alikwenda kwanza kwa kinyozi, aliyewahi kucheza na mfalme na ambaye mjini alisifika kwa ujuzi wa sataranji. Kinyozi akamwambia asihangaike: amsukume hatua mbili askari wa ubavuni mwa mfalme wake, mlango ubaki wazi, kisha ashambulie bila kugeuka nyuma. Sikudhani akatoka pale amefurahi. Furaha yenyewe ilimfikisha nyumbani kwa mwalimu tu. Mwalimu, ambaye naye aliwahi kukaa mbele ya mfalme, aliposikia habari za kinyozi alicheka mpaka akakohoa. Huko ni kujichinja, alisema. La kufanya ni kumwachia mfalme uwanja wote wa katikati, ajitanue weee, kisha kumbomolea. Alimwonyesha mpaka jua likazama.

Siku ya pili mshona viatu, naye aliyewahi kucheza na mfalme, akamwambia wale wawili wamempotosha. Yeye alitaka atoe farasi kwanza, kisha ampe mfalme askari mmoja bure.

"Bure, fundi?" Sikudhani aliuliza. "Mchezo haujakolea, tayari nimepungukiwa?"

"Akimla, farasi wako anapata njia."

"Na asipomla?"

Mshona viatu akakuna kichwa. "Asipomla, mama, mimi sijui."

Sikudhani alirudi kwake kichwa kinavuma. Alipanga kete, akazipangua. Alianza na njia ya kinyozi akajikuta katikati ya njia ya mwalimu. Uji aliutia sukari mara mbili. Kisimani alikwenda bila ndoo. Kila njia ilikuwa nzuri mpaka alipokumbuka nyingine, na hakujua tena ipi aliisikia kwa nani. Akalia kwa hasira, maana wote watatu wangelala majumbani mwao, na Mbaruku ndiye angekwenda kwenye chumvi.

Siku ya tatu akaenda kasri na kikapu cha mabungo, matunda ya porini, kwa kuwa haikuwa adabu kumwendea mfalme mikono mitupu. Kumbe kwa kuchanganyikiwa kwake alikuwa amechuma mabichi. Na desturi ya kasri ilikuwa moja: mfalme hakatai kinachowekwa mbele yake. Mfalme akaonja bungo la kwanza, machozi yakamlengalenga, akameza. Akachukua la pili. Sikudhani aliona aibu ya kufa mtu, lakini hakuacha kumtazama.

Wakakaa. Mfalme akamsogeza askari wa malkia hatua mbili, kama kawaida. Sikudhani akatoa farasi. Mfalme akainua nyusi, akasogeza askari wa pili kando ya wa kwanza. Sikudhani akamsukuma askari wake palepale anapoweza kuliwa. Baraza zima likanong'ona.

Mfalme akamtazama yule askari kama alivyolitazama bungo, akamla.

Kuanzia hapo Sikudhani alikumbuka nusunusu. Alirusha farasi mbele, akaleta wa pili, akatoa malkia na tembo, ile kete iendayo mshazari, na hakuwa na hakika kama anafuata somo la mtu yeyote. Mfalme akasogeza askari wa pembeni kumtishia tembo. Sikudhani hakumwondoa tembo, alimtumia farasi kulipiza askari wake aliyeliwa.

"Umeisahau kete yako," mfalme alisema kwa upole.

"Nimeiweka mbele yako, Mtukufu."

Mfalme angeweza kuiacha. Akaila.

Sikudhani akarusha farasi mara moja tu. Mfalme mweupe akawa ametishiwa, na kila upande alikotaka kukimbilia alisimama mtu wake mwenyewe. Askari pekee aliyeweza kumla farasi hakuruhusiwa kusogea, kwa kuwa nyuma yake mfalme angebaki wazi mbele ya malkia mweusi. Mfalme akatafuta njia kwa muda mrefu, kisha akamlaza mfalme wake juu ya ubao.

"Nani amekufundisha?"

Sikudhani akawataja wote watatu.

Mfalme akatikisa kichwa. "Hao wote walikaa hapo ulipokaa. Kila mmoja alinijibu kwa kuniiga, askari wa malkia kwa askari wa malkia, kwa sababu ya woga. Makali yao nayasikia leo, kwako."

Jioni Mbaruku akatoka kifungoni. Njiani akamuuliza mkewe alifuata njia ya nani.

"Mpaka sasa sijui vizuri," Sikudhani akasema. "Nilimwona anavyomeza bungo bichi, nikampa chakula kingine."

Funzo: Ushauri wa wengi ukikuchanganya, mtazame vizuri aliye mbele yako, kisha chagua njia moja uishike, maana hata hao wanaokufundisha ujasiri, huenda siku yao ilipofika waliogopa.