Kioo cha Korongo na Chuo cha Mwalimu Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Ninyi watu wazima huko nyuma, itikieni. Hadithi hii ni yenu kuliko ya watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, tena si kale sana, maana vioo vinavyosema vilikuwa vimeshaanza kuingia msituni, palikuwa na Mwalimu Kanga. Alikuwa na chuo kando ya kichuguu. Watoto wa wanyama wote walisoma kwake. Asubuhi utawasikia, aa-ii-uu, aa-ii-uu! Akawafundisha kusoma, kutawadha, kubisha hodi, kumjulia hali jirani mgonjwa. Na zaidi ya yote, adabu. Mkubwa akikuuliza, mjibu. Mgeni akisema, nyamaza. Kanga alikipenda chuo kile kuliko manyoya yake.

Siku moja, fyuuu! Korongo akatua. Katoka ng'ambo ya bahari, miguu mirefu, salamu ndefu zaidi. Akaswali nao safu ya mbele. Kwenye dua akalia, machozi ndo! ndo! ndo! Alipomaliza kulia akatoa kioo.

"Mwalimu, mimi mwekezaji. Kioo hiki kitasomesha watoto hata siku unaumwa. Sauti itakuwa yako mwenyewe. Sitaki kitu, nataka thawabu tu. Weka ukucha hapa."

Mkataba ulikuwa ndani ya kioo. Unausukuma ukurasa juu, unakuja mwingine. Unausukuma, unakuja mwingine. Bi Nguchiro, mama wa watoto watatu, akainuka.

"Mgeni, tusomee mpaka mwisho. Na tukikosana, nani atatuamua?"

"Mahakimu watatu, mama, kwetu kwenye theluji. Mmoja wangu, mmoja wenu, wa tatu tutaelewana."

"Wetu nani? Huko kwenye theluji mimi simjui hata panzi!"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu Kanga akaona haya mpaka shingo ikamwiva. Mtu kalia kwenye dua, anahojiwa kama mwizi!

"Nguchiro, kaa chini! Huna adabu wewe. Unatuaibisha mbele ya mgeni."

Nguchiro akakaa. Kanga akasema Bismillahi, akaweka ukucha. Pi!

Je, aliusoma?

Hakuusoma!

Alikuwa hajui kusoma?

Anajua!

Basi.

Kioo kikasomesha. Mwanzo kilisomesha kweli, kwa sauti ya Kanga, tamu vilevile. Kisha kikaanza kuuliza. "Mwanangu, kwenu wapi? Mlango wa shimo umeelekea wapi? Mama hutoka saa ngapi?" Watoto wakajibu. Kila walilosema likaruka ng'ambo, na huko likauzwa kwa aliyelitaka.

Aliyelitaka alikuwa Mwewe. Siku ile hakuzunguka angani kutafuta. Alikuja moja kwa moja shimoni kwa Nguchiro, saa ambayo mama hayupo. Kwaa! Akaondoka na kitinda mimba.

Msitu ukalia. Nyati, mkuu wa baraza, akatoa kanuni: kioo ni marufuku, na habari za mtoto zisitoke msituni. Kanga akakitoa kioo chuoni kwa mdomo wake mwenyewe, akakitupa kichakani, akaanza upya. Aa-ii-uu, aa-ii-uu.

Korongo hakugombana. Hakupiga hata kelele. Alishtaki kwao.

Wanyama wakatafuta hakimu wa upande wao, hawakumpata. Akateuliwa mmoja kwa niaba yao, korongo vilevile. Kesi ikasikilizwa ndani ya kioo kilekile, ikabidi kiokotwe kichakani na kufutwa vumbi. Nyati akasimama mbele yake akaeleza habari za mtoto. Hakimu akamkatiza.

"Mtoto hayumo kwenye mkataba."

Kanga akapiga kelele, "Lakini alichukuliwa!"

"Hayumo kwenye mkataba."

Hukumu ikasomwa. Kanuni ya Nyati imemnyima mwekezaji manufaa aliyoahidiwa. Kioo kirudi chuoni. Uwanja wa kichuguu ni wa Korongo, uwe fidia yake. Masomo yaliyomo ndani ya kioo ni mali yake, na sauti iliyoyasoma ni mali yake. Kanga asifundishe tena kwa mdomo wake.

Kanga akaondoka uwanjani. Nyuma yake akajisikia mwenyewe anasomesha, aa-ii-uu, na watoto wanamwitikia, wala hakuna aliyegeuka kumtazama. Iliuma. Iliuma, jamani, wala sitawaficha.

Akaenda mpaka shimoni kwa Nguchiro. Hodi. Hodi tena. Nguchiro akatoka.

"Bi Nguchiro, nimekuja kukuomba radhi. Nilikuambia huna adabu."

"Nimekusamehe, Mwalimu."

"Mwanao..."

"Mwanangu hakufanya kosa lolote. Alikuwa anasikia sauti yako, akajibu kila alichoulizwa." Nguchiro akaanza kuingia ndani. "Ulimfundisha vizuri."

Kanga akabaki mlangoni.

Sasa nisikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Adabu si kunyamaza. Unapowekewa mkataba, usome mpaka mwisho, uulize, utake mashahidi, hata kama mgeni analia machozi. Na mwenzako akisimama kuuliza, usimkalishe chini, maana swali lile ni lako pia. Unachokubali wewe bila kusoma kitawabana na watoto wa wenzako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ni chungu, najua. Leo sikuwa na nyingine.