Bibi wa Kivuli Kimoja, Majina Matatu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kompyuta zilipokuwa zimeshazoeleka Tanga, watu watatu walitengeneza katuni ya bibi anayecheza ngoma. Shomari alimfinyanga kwenye kompyuta. Chausiku alimchezesha. Mkasi alimtia rangi na kivuli.

Walipatana hivi: atakayempa bibi uhai ndiye atakayempa jina. Mkasi alilitaka jina hilo kuliko wali wa nazi. Bibi yake, marehemu Mwanasiti, hakuwa na wajina hata mmoja, na Mkasi mwenyewe alikuwa amezaa wavulana wanne mfululizo.

Shomari akafinyanga, akafinyanga: mikunjo, vishimo vya mashavu, pua pana. Chausiku akachezesha, akachezesha: bega, kiuno, bega. Wakawaonyesha watoto wa mtaani. Watoto wakarudi nyuma.

"Bibi wa plastiki huyu," mmoja akasema. "Anatisha."

Mkasi akatazama kanga aliyojifunga. Kwenye kanga rangi haififii polepole. Moja inaishia hapa, nyingine inaanzia hapo hapo. Basi akaukata mwanga vipande viwili, upande wa nuru na upande wa kivuli, katikati hakuna kitu. Akamzungushia bibi mstari mweusi. Bibi akawa kama amechorwa kwa mkono, na bado anageuka pande zote.

Lakini kila akigeuza shingo, kivuli kilimrukaruka usoni kama panzi. Shomari akaufundisha uso upokee mwanga kama yai lisilo na mikunjo, panzi akatulia. Chausiku akafuta picha moja katika kila mbili za mwendo wake. Bibi akadunda kama mchoro wa daftarini. Watoto wakaanguka kwa kicheko, wakainuka, wakacheza naye.

"Anaitwa nani?" wakauliza.

"Uso ni wangu," alisema Shomari. "Bila mwili mngempaka rangi nani? Aitwe Mwanahamisi, kama bibi yangu."

"Mwili ulikuwepo, ukakaa kama gogo," alisema Chausiku. "Bega lile ni la bibi yangu Mgeni, alilitikisa kwenye harusi yangu."

"Shoga, bega hilohilo liliwatisha," alisema Mkasi. "Nilipomtia kivuli ndipo wakampenda. Ni Mwanasiti huyo."

"Kivuli chako si ndicho kilichokuwa panzi?" Shomari akamtania.

Mkasi akacheka mpaka akashika mbavu, ila mkono mmoja haukuachia kibodi. Watoto walipiga makofi wakidai jina, na nafasi ya jina ilikuwa moja tu.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: aliyemfinyanga, aliyemchezesha, aliyemtia kivuli, je, nani alistahili kumpa bibi jina?