Mbwa Asiyempigisha Mtu Chafya

Bwana Shekiondo alikuwa na magari manne, mazulia matano na pua isiyojua kutulia. Kila alipopiga chafya alimlaumu kijibwa wa Kibibi, mtumishi wake aliyelala chumba cha uani.

"Daktari kasema nina mzio. Hakusema wa nini, lakini mimi si mjinga," alisema. "Mtupe huyo koko. Binti yangu anataka mbwa, basi mtafutie wa ile mbegu adimu ya Ulaya isiyompigisha mtu chafya. Jumamosi asipofika, funga virago."

"Wapo, Bwana mkubwa," Kibibi alijibu. "Ila wanadeka. Penye zulia hawakai, hufa."

"Hufa?"

"Siku hiyohiyo. Wana nasaba, hao."

Tajiri aliwafikiria majirani, ambao hawakuwa na mbwa wa Ulaya. "Yatoe mazulia yote. Peleka unakojua."

Jumamosi Kibibi alileta kijibwa aliyenyolewa akabaki kipara, mwenye utepe mwekundu shingoni. Bwana Shekiondo alimpakata mchana kutwa, pua kavu kama kigae.

"Hii ndiyo damu ya Ulaya," aliwaambia wageni. "Siyo yule koko wake!"

"Jicho lako halidanganyiki, Bwana," alisema Kibibi.

Wageni walipoondoka, Kibibi alimnong'oneza kijibwa jina lake la zamani, naye akatikisa mkia. Kisha akaenda chumbani kwake, akakung'uta zulia la kwanza kati ya yale matano, akapiga chafya saba.